Mtoto Asiyenyosha Mkono

Katika madarasa yetu iko desturi moja ipasayo kukosolewa, nayo ni kumpima mtoto kwa mkono wake. Mwalimu auliza swali, mikono huinuka kama mahindi shambani, naye humchagua yule anayeita, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Jibu likiwa sahihi, darasa lampigia makofi, somo laendelea. Mkaguzi aliyeketi nyuma huandika ya kuwa darasa ni changamfu. Wala hakuna aulizaye habari za mtoto aliye karibu na dirisha, ambaye alilijua jibu kabla swali halijaisha, akanyamaza.

Sineni habari za mtoto mvivu, wala za yule asiyejua kitu akajificha nyuma ya mwenziwe. Hao nao wana shida zao, lakini huonekana upesi, mmoja kwa makosa yake, mwingine kwa fujo. Nanena habari za mwenye akili asiyesumbua. Daftari lake ni safi, alama zake si za kwanza wala si za mwisho, basi twasema ni mtoto mwema. Nadhani mara nyingi maana ya neno hili "mwema" ni kwamba hatumjui.

Wengine watasema kosa si la mwalimu, ni la wingi wa watoto. Ni kweli kwa sehemu. Hapa Tanzania ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na michango ya lazima tangu Januari 2016, watoto wakamiminika. Ni jambo jema, wala sitaki mtoto hata mmoja abaki nje ili mimi nipate nafasi ndani. Kipimo kilichowekwa kilikuwa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini walimu wengi twayajua madarasa ya watoto 80, au 100 na zaidi. Kipindi cha dakika 40 ukikigawa kwa watoto 80, kila mmoja apata sekunde 30, nawe hujaandika hata neno moja ubaoni.

Lakini wingi hautuondolei lawama yote. Bibi mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza jinsi walimu wanavyouliza maswali katika masomo ya sayansi, akapiga chapa habari zake mwaka 1974. Aliona ya kuwa mwalimu akiisha kuuliza hungoja kama sekunde 1 tu, kisha humwita mwingine au hujibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 hazihitaji dawati jipya wala fedha ya mtu. Nimejaribu mwenyewe, na nakiri ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Ulimi wa mwalimu huwasha.

Wafikirini wale ambao nyumbani kwao husemwa Kisukuma au Kigogo. Mtoto hulifikiri jibu kwa lugha ya mama yake, halafu huligeuza kuwa Kiswahili, halafu huogopa kuchekwa. Kabla hajafika huko, makofi yamekwisha pigwa. Tena twamkosea kwa mithali. "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," twamwambia mtoto aliyefunzwa kwao asiseme mbele ya wakubwa mpaka aulizwe. Ile adabu tuliyoisifu alipoamkia mlangoni, ndani ya darasa twaihesabu kuwa upungufu wa akili, naye hajui amtii nani.

Nami sijitoi katika lawama hii. Miaka michache iliyopita nalikuwa na Darasa la Nne, na siku ya wazazi mama mmoja alinijia, akauliza, "Mwalimu, mwanangu anaendeleaje?" Nikajibu, "Hana neno, mama. Ni mpole sana." Akanitazama, akasema, "Upole wake naujua, mwalimu, nimemzaa mimi. Nauliza kama anajua." Sikuwa na jibu. Kusema kweli, hata sura ya binti yake haikunijia upesi.

Jioni ile nalilitafuta daftari lake la hesabu. Katika ukurasa wa mwisho kabisa naliona hesabu moja niliyoifanya ubaoni mwezi uliopita, ambayo nalikosea katika kugawanya pasipo kujua. Mtoto ameifanya upya kwa kalamu ya risasi, akapata jibu la haki, kisha akaifuta. Lakini alama zake zilikuwa bado zaonekana. Kule mbele, penye kazi ya kusahihishwa, alikuwa amenakili kosa langu kama lilivyokuwa ubaoni, nami nimelitia alama ya vema.

Tangu siku ile, nikichukua daftari la mtoto, hulifungua kwanza kwa nyuma.