Ustadi wa Kuhakiki Namba Tasa

Mjini Arua yuko mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye, kwa chaki na ubao tu, huwafunza watoto wa majirani zake ufundi ambao siku hizi aghalabu hudharauliwa, nao ni ule wa kuihakiki namba hata ijulikane kwa yakini kuwa ni tasa. Nilimtazama akiandika 2021, kisha akawaacha wanafunzi waijaribu kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea, kila mmoja akitaja baki lake. Na walipofika 41 pasi na kupata kigawanyo, wakasema kwa sauti moja kwamba namba hiyo ni tasa. Mzee hakuwakemea, ila aliandika 43, kwa kuwa 43 mara 43 ni 1849, haijaipita 2021, na kwa hiyo haikuwa halali kusimama pale; wakagawa, wakapata 47 kamili. Ndipo akaandika 2027, wakaanza upya tangu 2 hata 43, kila mara pakabaki kitu, naye akawapa ruhusa ya kutamka hukumu. Subira ile ndiyo adabu ya kazi hii.

Na ilimu hii si ngeni kwetu, maana Eratosthenes, ambaye kwa jina lake hujulikana njia ya kuzichuja namba kwa kufuta vigawe vyake, alikuwa akifanya kazi Iskandaria, katika nchi iishiapo mto huu huu wa Naili upitao Pakwach, zaidi ya miaka 2200 iliyopita. Naye Leonhard Euler, macho yake yakiwa yamekaribia kupofuka, alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ikatolewa 1, ni tasa. Wala hakuzijaribu namba zote hata 46,340, bali alionyesha kwanza kwamba kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 62, hakina budi kubakiza 1, akazitupa nyingi kwa hoja kabla ya kuzigusa kwa kalamu.

Leo sokoni Koboko, ambako shilingi, faranga za Kongo na pauni za Sudan Kusini hukutana, utamwona kijana akitoa simu ili azidishe 12 mara 15, na akipata jibu haulizi limetoka wapi. Silaumu mashine, kwani Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, ambayo hakuna mkono ungeweza kuihakiki. Lakini namba ile ya Euler ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia katika nafasi ya biti 32 ambamo programu nyingi huweka namba nzima, chanya na hasi, na kijana yule huibeba mfukoni kutwa asiijue. Tumeyapokea majibu, tukaziacha hoja zizikwe pamoja na wazee wetu.

Basi, enyi wazazi na walimu wa West Nile, mpeni kila mtoto mwaka aliozaliwa, auhakiki kwa mkono wake, na asiruhusiwe kuuita tasa mpaka ameimaliza hoja.