Bisibisi Kwanza, Muziki Baadaye

Januari 1965 kampuni ya Marekani ya CBS, iliyojulikana zaidi kwa redio na televisheni, iliinunua Fender, kampuni ya kutengeneza magitaa, kwa dola milioni 13. Kwa wakusanyaji wa magitaa ya umeme, tarehe hiyo imekuwa mpaka. Stratocaster iliyotoka kiwandani Fullerton, California, kabla ya hapo na nyingine iliyotoka miaka michache baadaye zinaweza kumchanganya mpita njia, lakini bei zake zinapishana kwa mbali sana. Na penye pengo la bei la namna hiyo, wachakachuaji hawakosi.

Ndiyo maana mnunuzi makini wa Stratocaster ya 1964 hutoa bisibisi kabla ya kuuliza amplifaya iko wapi. Akimkuta muuzaji anagoma gitaa lisifunguliwe, huaga na kwenda zake.

Wanaoanza hukimbilia namba iliyopigwa kwenye bamba la chuma mgongoni, pale shingo inapofungwa. Namba zenye herufi L mbele ni za takriban 1963 hadi 1965. Ni dalili nzuri, lakini ni dalili tu. Bamba lenyewe limeshikwa na skrubu nne, na kulihamishia gitaa jingine ni kazi ya dakika chache. Isitoshe, hata kiwandani mabamba hayakufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba. Fundi alichukua lililomjia mkononi.

Shingo ina habari zaidi. Ikitolewa, kwenye kisigino chake, upande unaojificha ndani ya kiwiliwili, kuna muhuri wa wino unaosomeka, kwa mfano, 2 MAY 64 B. Namba 2 ni ya aina ya gitaa, B ni upana wa kawaida wa shingo kule karibu na kichwa, na hapo katikati ni mwezi na mwaka. Tarehe hiyo ni ya shingo, si ya gitaa zima, kwa hiyo tofauti ya miezi michache kati yake na vipuri vingine haipaswi kumtia mtu wasiwasi.

Kisha hufunguliwa plastiki ya usoni, na hapa ndipo penye utamu. Chini yake kuna potenshiometa tatu, vile vifaa vya kuzungusha vya sauti na toni, na kila kimoja kina tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Tuseme zinasomeka 304-6412. 304 ni kiwanda cha Stackpole, 64 ni mwaka, 12 ni wiki. Kifaa cha mwisho wa Machi ndani ya gitaa lenye shingo ya Mei: hesabu inakubali. Kingesema 6540, basi ama kimebadilishwa, ama gitaa si la mwaka unaodaiwa, kwa kuwa gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipuri chake kichanga kuliko vyote. Kinyume chake kinawezekana kabisa. Fender walinunua shehena kubwa ya potenshiometa mwaka 1966 na kuendelea kuzitumia kwa miaka kadhaa, hivyo gitaa la 1968 lenye vifaa vya 1966 halina kosa lolote.

Lehemu nayo itazamwe kwa jicho kali. Ya zamani imefifia na kupauka, na waya zimevikwa kitambaa. Tone moja linalong'aa kati ya mengine yaliyopauka linatosha kuonyesha kwamba kuna mkono uliopita hapo. Huenda fundi alirekebisha waya uliokatika, huenda pikapu, yaani vinasa vya mtetemo wa nyuzi, zilibadilishwa. Mita ya fundi umeme husaidia: pikapu za Stratocaster za miaka hiyo kwa kawaida husoma kati ya kilo-ohm 5.5 na 6.5. Isiposoma kitu, waya mwembamba wa ndani umekatika. Pikapu iliyosukwa upya inaweza kulia vizuri tu, ila bei ya gitaa hushuka.

Lakini kinachoyumbisha bei kuliko vyote hivyo ni rangi. Kanuni ya sokoni ni kali, na pengine haina haki: gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya thamani yake, hata kama aliyelipaka ni fundi bingwa. Laka ya nitroselulosi ya enzi hizo ni nyembamba, hugeuka manjano na hupasuka vijistari vyembamba. Chini ya taa ya urujuanimno ya zamani mara nyingi huwaka kijanikijani, na sehemu iliyoguswa karibuni huonekana kama doa jeusi. Kuna ushahidi mwingine ambao matapeli wengi huusahau. Kiwandani, kabla ya kupaka rangi, wafanyakazi walipigilia misumari midogo kwenye kiwiliwili ili kisigusane na meza wakati kinakauka, kisha wakaing'oa. Vijitundu vyake viko chini ya plastiki, na kwenye rangi ya asili mbao huonekana wazi ndani yake. Vikikutwa vimezibwa kwa rangi, mjadala wa bei unaanza upya.

Miaka ya sabini na themanini ilikuwa mibaya kwa magitaa haya, kwani wakati huo yalikuwa mitumba tu. Watu waliyachimba kwa patasi ili kuingiza pikapu kubwa au briji za Floyd Rose. Shimo la namna hiyo halifutiki, hata likizibwa kwa mbao.

Soko hilohilo linalohesabu skrubu huvunja sheria zake likisikia jina. Blackie ya Eric Clapton iliunganishwa kutoka Stratocaster tatu, jambo ambalo kwa gitaa la mtu wa kawaida lingekuwa aibu. Mwaka 2004 iliuzwa mnadani kwa dola 959,500. Stratocaster nyeusi ya David Gilmour, iliyobadilishwa vipuri mara nyingi ikiwemo shingo, ilifikia dola 3,975,000 huko Christie's, New York, mwaka 2019. Muuzaji asiye na majina makubwa akidai nyota fulani alilipiga gitaa lake, aombwe picha ya zamani inayoonyesha mistari ya mbao na mikwaruzo, ilinganishwe na gitaa lililopo mezani. Bila picha, dai hilo lisiongeze hata senti.

Ubao wa vidole kwenye gitaa la 1964 kwa kawaida ni rosiwudi ya Brazil, iliyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, tangu 1992. Kulivusha mpakani kibiashara kunahitaji vibali. Mpingo wa Tanzania, ndugu wa mti huo katika jenasi ya Dalbergia, uliingizwa Kiambatisho cha Pili mwaka 2017, ingawa ala zilizokamilika za kundi hilo zilisamehewa mwishoni mwa 2019. Rosiwudi ya Brazil haikupata msamaha huo.

Baada ya yote hayo gitaa lipigwe. Uzi ubonyezwe kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha itazamwe nafasi iliyobaki katikati: ikiwa nyembamba kama kadi, shingo iko sawa. Ikiwa kubwa, ulizia kama fito ya chuma ya ndani bado inazunguka, maana skrubu yake iko kisigino na kila kurekebisha kunadai shingo ilegezwe. Freti za asili zilizoliwa hadi kuwa bapa humfurahisha mkusanyaji na kumtesa mpigaji. Anayetaka gitaa la jukwaani badala ya la kabatini atafute lile lililopakwa rangi upya, lenye freti mpya na pikapu zake za kuzaliwa: mbao ni zilezile, sauti ileile, na nusu ya bei inabaki mfukoni kununua amplifaya.