Majina ya Askari katika XCOM: Enemy Unknown

Mchezo wa kompyuta uitwao XCOM: Enemy Unknown, ulioundwa na kampuni ya Firaxis Games chini ya uongozi wa Jake Solomon na kutolewa mwaka 2012, si hadithi mpya. Asili yake ni mchezo wa mwaka 1994, kazi ya Mwingereza Julian Gollop, wenye habari ile ile: viumbe kutoka sayari nyingine waishambulia dunia, na kikosi kidogo cha siri, kilichokusanywa kutoka mataifa mbalimbali, chapewa kazi ya kuwazuia. Vita hupiganwa kwa zamu. Kila askari ana matendo mawili, aghalabu kwenda na kupiga. Akishapiga, zamu yake kwa kawaida imekwisha. Wote wakisha kutenda, adui naye hutenda. Kwa umbo hili mchezo ni ndugu wa sataranji. Lakini wale wauitao mchezo wa kuigiza wahusika hawakukosea, na sababu yenyewe ni jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita: kila askari ana jina.

Jina hilo halikutungwa na mwandishi wa hadithi. Mashine hulichagua bila mpango, pamoja na uraia, bendera na sura. Mchezaji akipenda aweza kulibadili, na wachezaji wengi huwapa askari majina ya ndugu na rafiki zao. Zaidi ya hayo askari mpya hana kitu. Hana wazazi, hana mapenzi, wala hana neno lake mwenyewe la kusema. Akirudi hai huongezewa cheo, hupewa kazi yake maalumu, kama vile udunguzi au uchukuzi wa silaha nzito, na akizidi kupanda hupata lakabu. Akiuawa, amekufa, jina lake huingizwa katika ukumbusho uliomo kambini, na mwingine asiyejua lolote hushika nafasi yake. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii. Katika bao kete haiombolezwi, kwa maana kete iliyotekwa ni kete ile ile, nayo hupandwa upande wa aliyeiteka na mchezo huendelea. Hatua mbaya katika XCOM haimpunguzii mchezaji hesabu tu, bali humwachia mtu wa kumkumbuka.

Tena kifo hicho kina sababu, na sababu zake zaweza kusimuliwa. Kabla ya kupiga, mchezaji huonyeshwa kwa asilimia matumaini ya kulenga shabaha. Adui aliye nyuma ya ukuta mfupi humpunguzia mpigaji 20 katika mia, na aliye nyuma ya ukuta mrefu 40; akizungukwa kwa ubavu kinga hiyo hupotea yote. Kutokana na kanuni hizi chache huzaliwa masimulizi: fulani alitangulia mlangoni kabla mwenzake hajawa tayari kumlinda, akawaamsha maadui watatu, risasi ya asilimia 85 ikakosa, na fulani akabaki uwanjani peke yake. Hakuna aliyeyaandika matukio haya, walakini yana mfuatano wa sababu na matokeo ulio thabiti kuliko ule wa hadithi nyingi zilizoandikwa. Achaguaye sharti la kuwa na kumbukumbu moja tu iliyohifadhiwa hawezi kurudi nyuma kuyafuta. Hata asiyelichagua, akirudi na kurudia tendo lile lile, kwa kawaida hupata jibu lile lile, kwa kuwa mashine huitunza bahati yake.

Hapa pana jambo la kuwafurahisha wanaisimu. Katika mchezo uliofuata, XCOM 2 wa mwaka 2016, viwango vyepesi humwongezea mchezaji kwa siri matumaini ya kulenga baada ya kukosa mara kadhaa, na hilo halionyeshwi katika tarakimu anayoisoma. Sababu ni kwamba watu wakisoma 85 huelewa "hakika", na risasi ikikosa hujiona wamedhulumiwa. Basi hata nambari ina maana mbili, ile ya hesabu na ile ya matumizi, na waundaji waliona heri kuifuata ya pili.

Mchezo unapotoka uwanjani na kuitazama dunia, ufundi huu hudhoofika. Mataifa 16 hukigharimia kikosi, na manane yakijitoa vita vimeshindwa. Mara kwa mara watu hutekwa nyara katika miji mitatu kwa wakati mmoja, naye mchezaji achague mmoja tu wa kuuokoa. Kwingine taharuki hupanda. Uchaguzi huu wapaswa kuwa mchungu kuliko wote. Lakini mchezaji huamua kwa kupima malipo, kama ni fedha, wahandisi, wanasayansi au askari, kwa sababu hakuna kingine cha kupima. Afrika ina nchi tatu katika baraza hilo, nazo ni Misri, Nigeria na Afrika ya Kusini, na manufaa ya kulikamata bara zima ni nyongeza ya asilimia 30 katika ruzuku ya kila mwezi. Bara limekuwa mfuko. Kikosi kikishuka Nigeria huweza kukuta mtaa na kituo cha petroli ambavyo mchezaji alikwisha kuviona kwingineko, navyo vyafanana na mji wowote wa Marekani.

Lugha ndiyo kasoro kubwa zaidi. Katika toleo la Kiingereza la mwaka 2012 askari wote, Mmisri, Mjapani na Mbrazili, walipaza sauti kwa Kiingereza kile kile cha Marekani. Nyongeza ya mwaka 2013, Enemy Within, iliruhusu sauti za lugha nyingine kadhaa za Ulaya, na wengi waliipokea kwa shukrani. Lakini dawa hiyo haikufika penye ugonjwa. Swali si kila askari aseme lugha gani, bali watu wa mataifa mengi waliotiwa katika bweni moja huzungumza nini wao kwa wao. Historia ya Afrika Mashariki yatoa jibu mojawapo. Askari wa King's African Rifles, waliotoka makabila mengi ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa na Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR, chenye sarufi iliyopunguzwa, ambacho wasanifu wa lugha walikidharau na askari wakakitumia kuamriana, kutaniana na kuzikana. Jeshi mchanganyiko huzaa usemi wake. Kikosi cha XCOM hakina hata neno moja la utani lililozaliwa kambini, ingawa kina lakabu, na lakabu hizo hutoka katika orodha ya mashine.

Wasemaji wenyewe wa mchezo ni wakuu wa kambi: Bradford, mhandisi Shen na mwanasayansi Vahlen. Husema mengi, na hurudia. Mara ya kwanza Vahlen anapolalamika kwamba makombora yanaharibu vitu vya adui avitakavyo kwa uchunguzi, mchezaji hucheka. Mara ya ishirini hutamani anyamaze. Mwisho wa hadithi ni mbaya zaidi. Ndani ya merikebu ya adui sauti huyaeleza yote, kwamba uvamizi ulikuwa jaribio la kutafuta kabila la viumbe linalofaa, na maelezo hayo humjia mchezaji wakati anahesabu risasi zilizobaki. Kisha askari mmoja hujitoa mhanga. Mchezaji mwenyewe ndiye aliyemteua miongoni mwa wenye nguvu za akili, na yamkini ni yule aliyempa jina la ndugu yake na kumlinda tangu mwanzo. Sasa huitwa kwa cheo tu, Mwenye Kujitolea, na kifo chake hakitokani na mlango uliofunguliwa vibaya wala risasi iliyokosa. Kimeandikwa. Mchezaji aliyewalilia watu wa kawaida waliokufa penye ukuta mfupi hukitazama hiki kwa macho makavu.

Katika XCOM 2 waundaji walimpa mchezaji nafasi ya kumwandikia kila askari wasifu mfupi. Wasifu huo huhifadhiwa pamoja na jina na bendera, na hakuna hata mmoja kambini anayeutaja.