Watunzao Nyumba ya Kiswahili ya Lamu

Mgeni aingiaye katika Nyumba ya Kiswahili ya Lamu, iliyojengwa karne ya 18 ikakaliwa na ahali kabla ya kuwa makumbusho, huvuka daka la mlangoni, akapita kiwandani, yaani ua wa ndani, akastaajabia zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kisha akatoka akiwasifu mafundi wa kale. Waitunzao leo ni nadra kuwakumbuka. Na kazi yao ni ya taabu. Chumvi ya bahari hupanda katika kuta za matumbawe ikabambua lipu, na pahala palipobambuka hapafai saruji, kwa kuwa hufungia unyevu ndani ya ukuta, bali chokaa iliyochomwa tanuuni, ikazimwa kwa maji, ikangojewa kwa subira hata ikalainika. Boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliokadiria upana wa vyumba, huweza kuliwa na mchwa. Sharti zigongwe moja moja, isikizwe sauti, na iliyo tupu ndani ibadilishwe kabla dari haijainama. Hata birika la maji la chooni lina heshima yake, maana humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, hekima ambayo, naungama, sikuitarajia humo. Magharibi mlango hufungwa, na vumbi huanza tena kutua zidakani.