Meneja Bora ni Nani? Uhakiki wa Fikra za Taylor

Katika masomo ya uongozi wa kazi jina la Frederick Winslow Taylor hutajwa mapema sana. Mwanafunzi huambiwa kwamba Mmarekani huyo, kwa kitabu chake cha mwaka 1911 kiitwacho The Principles of Scientific Management, aliugeuza uongozi wa kazi kuwa sayansi. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, hupewa ofisi. Kitabu chenyewe ni wachache wanaokisoma. Sisi tunaona kina funzo kubwa kwa kada, ingawa si lile linalokaririwa.

Msingi wa hoja ya Taylor ni kwamba kufikiri kuondolewe mikononi mwa mfanyakazi, kuwekwe ofisini. Meneja apange, apime kwa saa, aandike maagizo, mfanyakazi atekeleze. Mfano anaojivunia ni wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem, ambako vibarua walipakia mikuo ya chuma kwenye mabehewa, kila mkuo ratili 92. Mtu mmoja alikuwa akipakia kama tani 12 na nusu kwa siku. Taylor akamchagua kibarua mmoja, akampa jina la Schmidt, akamwekea msimamizi wa kumwambia lini abebe na lini apumzike. Schmidt akafikisha tani 47 na nusu. Ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85 kwa siku.

Tupige hesabu, ndugu wasomaji. Mzigo ulifika karibu mara nne ya ule wa zamani, na ujira haukufika hata mara mbili. Wala Taylor hafichi. Anaeleza kwamba kibarua akiongezwa zaidi sana ya hapo huwa mvivu na mbadhirifu. Faida ya mwenye mali haielezwi kuwa itamharibu mwenye mali.

Lakini udhaifu mkubwa zaidi wa kitabu umo katika jambo ambalo mwandishi alilipita bila kuliona. Anasema mtu afaaye kupakia chuma ni mzito wa akili, karibu sawa na ng'ombe, hawezi kuielewa sayansi ya kazi yake mwenyewe. Na kurasa chache kabla anasimulia kwamba Schmidt huyo huyo alikuwa amenunua kiwanja kidogo, na kila siku kabla na baada ya kazi alikuwa akijijengea nyumba! Ng'ombe gani hununua kiwanja, akapanga ukuta, akagawa saa zake na senti zake? Akili aliyokuwa nayo Schmidt nyumbani haikumtoka alipoingia lango la kiwanda. Haikuulizwa, basi.

Haitoshi hata hivyo kumlaani Taylor na kufunga kitabu. Mwaka 1918 Lenin aliwataka wenzake wauchunguze mfumo huo, wachukue yaliyo ya kisayansi ndani yake na kuukataa unyonyaji. Yapo ya kuchukua. Taylor alikuwa amefanya kazi karakanani kwa mikono yake. Aliona kwamba beleshi moja haliwezi kufaa kwa mkaa na kwa mawe ya chuma vilevile, akagawa mabeleshi ya namna mbalimbali ili kila mzigo ukaribie ratili 21. Meneja anayejua uzito wa beleshi la watu wake ni wangapi tunaowafahamu?

Hapa ndipo tunapopaswa kujikosoa kama taifa. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika Ibara ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, uonevu na anasa. Wafanyakazi waliushika kwa mikono miwili. Migomo ikafuata, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ibara ile ilimpima meneja kwa mwenendo wake tu, na wengi wakajifunza mwenendo tu: kumwita kila mtu ndugu, kupeana mikono langoni, na mashine kukaa miezi bila beringi. Upole wa meneja haupaki mashine grisi.

Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliokwisha kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi ulikuwa umegusa kiini zaidi, maana ulitaka mipango na hesabu zifike mbele ya wanaozalisha. Kasoro yake ni kwamba baraza lilipewa kushauri, uamuzi ukabaki kulekule. Mabaraza bado yapo katika taasisi za umma, nasi tunapendekeza kada anayetaka kumjua meneja bora asiende kumsikiliza akihutubia. Aende kikao cha baraza, aangalie mambo machache. Je, hesabu zililetwa wiki mbili kabla au zimegawiwa watu wakiwa wameketi? Zimeandikwa kwa lugha ambayo fundi wa zamu anaisoma? Fundi huyo akisema kwamba boila haitamaliza mwezi, je, meneja anauliza kwa nini, au anamtazama mhandisi wake kwanza? Na baraza lililopita lilishauri nini, nani aliambiwa alitekeleze, na kama halikutekelezwa, ni nani anasimama kueleza?