Kisumbufu si Mdudu wala Gugu: Uhakiki wa Istilahi za Anemoni wa Tangini

Istilahi hupimwa kwa kazi anayoifanya msomaji baada ya kuisoma. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuhakiki maneno ambayo mtafsiri huyakimbilia kwa urahisi anapokutana na maelekezo ya kuondoa anemoni wasumbufu katika tangi la samaki la maji chumvi. Mada hii yaweza kuonekana ndogo, na kwa mkazi wa Songea yaweza kuonekana ngeni pia. Ugeni huo ndio unaoifanya itufae. Mvuvi wa Kilwa akisoma tafsiri mbovu atasahihishwa na macho yake, kwa kuwa amemwona mnyama huyo mwambani. Msomaji wa Songea hana msaada mwingine ila neno aliloandikiwa.

Kwanza yatupasa kumjua mnyama mwenyewe. Anemoni wanaosumbua sana matangini ni wa jenasi ya Aiptasia. Huingia wakiwa wamejishikiza kwenye mawe ya matumbawe. Ni wanyama laini, wenye kitako cha kushikia mwamba, kinywa upande wa juu, na minyiri inayochoma, ambayo huyaumiza matumbawe ya jirani. Kipande kidogo cha kitako kikibaki mwambani, hukua kikawa anemoni kamili. Kwa hiyo mwenye tangi haambiwi amkate. Huambiwa amtilie kinywani, kwa bomba la sindano, uji mzito wa chokaa iliyozimwa. Tena awashughulikie wachache kwa wakati mmoja, maana chokaa hiyo hupandisha ualkali wa maji yote. Ama huambiwa aweke kiumbe amlaye anemoni, kama vile kamba fulani wa jenasi ya Lysmata, au konokono wa bahari asiye na gamba wa jenasi ya Berghia, ambaye chakula chake ni anemoni hao tu na hufa njaa wakiisha.

Neno la kwanza tunalolitilia shaka ni "mdudu mharibifu". Mkoani Ruvuma neno hili lina kazi yake halali. Dumuzi wa mahindi, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati na kujulikana nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuanzia Tabora, ni mdudu kweli, na mkulima ajuapo kuwa ana mdudu ghalani hutafuta dawa ya unga. Msomaji huyohuyo akiambiwa kuwa tangini mwake mna "mdudu mharibifu" atafanya lipi, kama si kutafuta dawa ya wadudu? Anemoni si mdudu. Kamba, kwa upande wake, ana nasaba na wadudu, na sumu ya wadudu humwua upesi. Tafsiri itakuwa imemwua mlinzi na kumwacha mvamizi.

Neno la pili ni "gugu", pamoja na kitenzi chake "kung'oa". Mtafsiri hudanganywa na umbo la anemoni, linalofanana na ua. Lakini hata shambani kitenzi hiki hakitoshi kwa kila gugu: mkulima anayepalilia ndago anajua kwamba akivuta majani akaacha viazi vyake ardhini, amejipa kazi ya msimu ujao. Mtafsiri anayeandika "ng'oa" katika maelekezo ya anemoni anaagiza uzazi wa kile alichotaka kukiondoa. Vitenzi vinavyofaa ni "kuua papo hapo" kwa chokaa, na "kudhibiti" kwa walaji wake.

Hapa sarufi yetu inatoa msaada ambao hatuna budi kuutumia. Kiswahili humlazimisha mwandishi kuchagua: "anemoni huyu" au "anemoni hii". Atakayeandika "hii" amekwisha kumwambia msomaji kwamba si mnyama. Matumbawe nayo ni kazi ya wanyama, lakini lugha imekwisha kuyaweka pamoja na mawe, na hatupendekezi kuyahamisha. Anemoni ni neno jipya. Lipewe upatanisho wa viumbe hai tangu mwanzo.

Kuhusu jina lenyewe, tunapinga "ua la bahari", kwa sababu linarudisha kosa la gugu kwa mlango wa nyuma. Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi ni kuanza na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na mwisho lugha za kigeni. Wanaoishi na mnyama huyu wako Mafia, Kilwa na Mtwara, waulizwe kwanza. Wakati huo "anemoni" litumike bila haya. Maneno husafiri: samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa huitwa mbuna na wafugaji wa Ujerumani na Marekani, kwa jina lilelile la wavuvi wa ziwa.

Neno "chokaa" nalo lahitaji uangalifu. Wafugaji wa perege mkoani humu hutia chokaa ya kilimo katika mabwawa ili kupunguza tindikali. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, na haimwui anemoni. Inayotakiwa ni kalsiamu hidroksidi, yaani chokaa iliyozimwa. Vilevile "bwawa" lisitumike mahali pa "tangi": la kwanza huchimbwa ardhini, la pili ni la kioo, nalo lina maji machache ambayo kosa moja hutosha kuyaharibu.

Kwa dhana kuu tunapendekeza "kisumbufu", neno ambalo tayari linatumika katika lugha ya afya ya mimea, sambamba na "kiuatilifu", lililomo katika jina la Mamlaka iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Wapo watakaosema kwamba neno hili ni pana mno. Upana wake ndio sifa yake: halisemi kiumbe ni wa aina gani, bali lasema anafanya nini na wapi. Mto Ruvuma huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea na kuishia baharini, penye hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Katika miamba ya pwani hiyo anemoni ni makazi ya samaki, na hakuna anayemwita mharibifu. Usumbufu huanza anapofungiwa katika kioo pamoja na matumbawe ya mtu.

Basi tunawaomba watafsiri, walimu na maofisa waandike: anemoni huyu, kisumbufu, tangi, chokaa iliyozimwa, kudhibiti. Na kabla ya kuandika neno "dawa", wataje inamtibu nani na inamwua nani.