Kulisoma Yai Bila Kulivunja

Mtoto aliyelelewa na Waadventista huku Kosele, magharibi mwa Kenya, hashtuliwi kirahisi na michoro ya ajabu. Kabla hajamaliza shule ya msingi amekwisha kukutana na simba mwenye mbawa za tai, dubu mwenye mbavu tatu mdomoni na chui mwenye vichwa vinne, wote wakitoka baharini katika Danieli sura ya 7. Ameambiwa pia wao ni nani: simba ni Babeli, dubu ni Wamedi na Waajemi, chui ni Wayunani. Wamisionari waliofungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, hawakuleta shule na Sabato peke yake. Walileta na mazoea ya kusoma picha, na hadi leo ukiketi katika mafundisho ya Jumamosi alasiri utamsikia mzee wa kanisa akieleza pembe kumi za mnyama wa nne kana kwamba anakutajia majirani zake.

Nayaheshimu sana mazoea hayo. Ni ufundi, na kama ufundi wowote una wajuzi wake na wababaishaji wake. Lakini iko kazi moja inayoupima vikali kuliko hata Danieli, nayo ni filamu ya katuni ya Kijapani, Tenshi no Tamago, yaani Yai la Malaika, aliyoiongoza Mamoru Oshii mwaka 1985 kwa michoro ya Yoshitaka Amano. Ni ya dakika 71, na maneno yake yote yangeenea kwenye kurasa chache za daftari. Msichana mdogo anaishi peke yake katika mji wa mawe uliohamwa. Anaokota chupa za kioo na kuzijaza maji, na chini ya gauni lake amebeba yai kubwa. Anakuja mwanamume kijana, begani ana silaha yenye umbo la msalaba. Wanatembea pamoja. Usiku msichana akiwa amelala, yule mwanamume analivunja yai.

DJ Afro, anayetafsiri sinema za ngumi kwa Kiswahili cha kuchekesha katika vibanda vya video kote Kenya, hapa angekosa kazi. Hakuna cha kutafsiri. Ndiyo maana msomaji wa ishara anahitajika, na ndiyo maana wababaishaji wengi wameivamia filamu hii. Njia yao ni ile ya chati: yai ni imani, mwanamume ni Kristo, samaki ni Kanisa, maji ni ubatizo, tumemaliza, twende nyumbani. Danieli anaikubali njia hiyo kwa sababu ndani ya sura ileile yupo anayemfafanulia maono. Oshii hakumweka mfafanuzi. Ukiamua kwamba mwenye msalaba ni Kristo, itakubidi ueleze kwa nini ni yeye aliyevunja kilichokuwa kikilindwa, na kwa nini alingoja mwenyewe alale. Fundi wa kweli huanzia pale fumbo linapokataa kufunguka.

Tuchukue njiwa. Katika Mwanzo sura ya 8, Nuhu anamtoa njiwa mara tatu. Mara ya kwanza anarudi kwa kukosa pa kutua. Mara ya pili anarudi na jani bichi la mzeituni. Mara ya tatu harudi kabisa, na kutorudi kwake ndiyo habari njema: nchi imekauka, ndege amepata makao. Katika filamu, mwanamume anamsimulia msichana kisa hichohicho, ila njiwa hakurudi na waliomo safinani wakabaki wanangoja, wakangoja hata wakamsahau ndege, wakasahau na kwa nini walikuwa humo. Tukio ni lilelile, ndege asiyerudi, lakini furaha imegeuka kuwa msiba. Asiyeijua Biblia kwa undani ataona kisa cha Nuhu tu. Anayeijua ataona jani la mzeituni limeondolewa, na kwamba filamu nzima imejengwa juu ya pengo hilo.

Halafu sisi tuna gharika yetu. Kilomita chache kutoka Kendu Bay lipo ziwa dogo la Simbi Nyaima, maji ya magadi, na majira mengine heroe huwa wamejaa ukingoni. Husimuliwa kwamba palikuwa na kijiji pale. Bibi kizee mgeni akafika usiku watu wakinywa na kucheza, akafukuzwa na wote, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkirimu. Mvua ikashuka, kijiji kikazama, akasalimika aliyetoa ukarimu. Mtu aliyekua na simulizi hiyo akitazama Yai la Malaika huuliza swali ambalo sijaliona kwa wachambuzi wa mbali: hawa walikosa nini? Gharika ya Oshii haitaji kosa lolote. Tena msichana ndiye anayemkaribisha mgeni makaoni mwake, akamwonyesha alichokificha, na mgeni huyo ndiye anayemwangamiza. Simbi Nyaima imepinduliwa juu chini. Sidai kwamba Oshii aliwahi kulisikia ziwa letu. Nasema ziwa letu linatupa jicho la kuona ukatili ambao mwenye chati anaupita mbio, akiwahi kwenye fundisho.

Msalaba nao una kwao. Waumini wa makanisa ya Roho hushona msalaba mwekundu kwenye kanzu nyeupe, na huwezi kuusoma msalaba huo sawasawa bila kumkumbuka mwanzilishi wao, Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa Musanda mwaka 1934. Wafuasi wa Legio Maria, ambao makao yao makuu yako Got Kwer, Migori, huvaa kanzu za rangi nyingi, na wengi wao rangi hawakujichagulia bali walionyeshwa ndotoni. Hapo ishara haina jibu lililochapishwa. Inaulizwa: umeota nini, lini, ukiwa katika hali gani? Ndiyo shule ya pili ya ufundi huu, na soko moja la Kosele linakutanisha wanafunzi wa shule zote mbili.

Sehemu inayowashinda wengi ni ya wavuvi. Wanaume wanakurupuka na vyusa, wanakimbiza vivuli vya samaki wakubwa vinavyopita juu ya kuta, na vyusa vyao vinagonga mawe tu. Niliwahi kuitazama pamoja na mama mmoja anayeuza omena, naye hakungoja theolojia. Alisema hao si wavuvi, maana hakuna hata mmoja aliyetazama maji. Sijasikia uchambuzi mfupi na mzuri kuliko huo. Samaki alikuwa alama ya Wakristo wa mwanzo, hilo kila mtu hulitaja. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba vivuli vile vina umbo la silakanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu alinaswa pwani ya Malindi mwaka 2001, na Tanga walivuliwa wengi hata Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kufikia mwaka 1985 Oshii hakuwa na sababu ya kumdhania amekufa. Basi kama samaki yule ni imani, wavuvi wanarusha vyusa kwenye kivuli cha kitu ambacho huenda bado kinaogelea mahali wasikotazama.

Narudi kwenye yai, kwa maana hapo mwanamume mwenyewe anatoa kanuni ya usomaji: hutajua kilichomo ndani mpaka ulivunje. Mfugaji yeyote wa kuku Rachuonyo anajua si kweli. Siku ya saba hivi unaingia na yai gizani, unalimulika kwa tochi, na mishipa myembamba inaonekana kama lina uhai. Lisilo na kitu huwa jeupe tupu. Yai linarudi chini ya kuku likiwa zima. Huyu bwana mwenye msalaba alikuwa na usiku mzima na moto ukiwaka karibu, akachagua kupiga. Tunayoonyeshwa baadaye ni maganda, na hatuambiwi kama palikuwa na kifaranga. Hukumu yangu ni kwamba alichokivunja ni subira, na kwamba filamu inaegemea upande wa msichana: anapozama, pumzi yake ya mwisho inapanda majini na kugeuka mayai mengi.

Walimu wa fasihi na viongozi wa vijana makanisani, nina ombi kwenu. Tumewazoesha watoto kukariri ishara kutoka kwenye miongozo ya mtihani, mstari kwa mstari, kama orodha ya bei. Filamu hii ilisafishwa upya mwaka 2025 na sasa inaonekana vizuri. Tafuteni alasiri moja, projekta na shuka jeupe. Ikiisha, waulizeni kwanza wameona nini, na asiruhusiwe mtu kusema maana yake mpaka kila mmoja ataje kitu alichokiona kwa macho yake.